Ada Inakokwenda

Kazi yangu ilikuwa uhasibu wa vyuo. Niliandika leja za chuo cha serikali kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, kisha nikaandika za chuo cha mtu binafsi, vyote huku kwetu kati ya Ngara na Biharamulo. Sitavitaja majina, maana mengine nitakayoyaeleza yanahusu madeni, na wenye madeni hawapo hapa kujibu. Hesabu zenyewe nazikumbuka vizuri. Kila ninapokutana na wazazi wanaotafuta pa kumpeleka kijana aliyemaliza kidato cha nne, naulizwa jambo moja: kati ya chuo cha serikali na cha binafsi, kipi kinaitumia vizuri fedha ya mzazi?

Wengi hujibu kwa kutaja ada. Anayetetea serikali atakuambia VETA bweni ni shilingi 120,000 kwa mwaka na kutwa 60,000, sasa unataka nini tena. Anayetetea binafsi atakuambia huko serikalini nafasi hazipo, na ukizipata utakaa karakana moja na wenzako arobaini mkigombea msumeno. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wameliacha jambo kubwa. Wilaya hizi mbili zimepitia kila namna ya chuo unayoweza kuitaja, cha misheni, cha serikali, cha wananchi, cha dayosisi, cha mfanyabiashara, na kila kimoja kimeacha alama watu wanazoweza kuziona. Ninazieleza sasa kwa sababu nikeli ya Kabanga inakaribia kuchimbwa, na matangazo ya kozi yameanza tena kubandikwa kwenye nguzo za umeme.

Misheni zilitangulia. Ngara ilikuwa pembeni mwa kila kitu. Baada ya Wajerumani kufukuzwa mwaka 1916, huku kwetu waliingia Wabelgiji kwanza, ndipo Waingereza wakaja kukabidhiwa. Biharamulo palikuwa na boma la Wajerumani, jengo la kutawalia na kukusanyia kodi. La kufundishia halikuwapo. Wakatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika walishika upande wa Rulenge. Waanglikana walitoka Australia: Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, wamisionari wake walifika mpaka magharibi ya Ziwa Viktoria, wakajenga vituo vya Katoke na Murgwanza. Katoke ndiko walimu wa kwanza wa Kianglikana wa eneo hili walikofunzwa.

Baba yangu mdogo alisomea ualimu Katoke. Alikuwa akitueleza kwamba asubuhi walishika jembe kabla ya kushika kalamu, na matofali ya bweni walilolala waliyafyatua waliowatangulia. Ukiliangalia hilo kwa macho ya mhasibu, unaona mara moja kwa nini misheni ziliweza: chakula kililimwa hapo hapo, majengo yalijengwa na wanafunzi, na mwalimu wa Kizungu alilipwa na waumini wa kwao. Hata hivyo hazikujitegemea kabisa. Mwaka 1925 Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na tangu hapo shule ya misheni iliyokubali mtaala na ukaguzi ilipewa ruzuku ya serikali. Kwa hiyo tunaposema leo kwamba elimu ya binafsi ni ya kujitegemea na ya serikali ni ya kubebwa, tunasahau kwamba huku kwetu ile ya kwanza kabisa isiyo ya serikali ilikuwa tayari inakula mfuko wa serikali. Ilipewa ruzuku kwa sharti la kuonyesha walimu wake wako wapi na wanafundisha nini.

Baba mdogo alifundisha Bugufi, huku huku Ngara, mpaka akastaafu. Hilo naomba msomaji alishike, nitalirudia kwa hesabu.

Mwaka 1969 sheria mpya ya elimu iliziweka shule na vyuo vya mashirika chini ya serikali, na Katoke mpaka leo ni chuo cha ualimu cha serikali. Majengo yalibaki yale yale. Kilichobadilika ni nani analipa mishahara na nani anaamua mhitimu aende wapi. Mwalimu wa Ngara akaweza kupangiwa Lindi, wa Kilimanjaro akapangiwa Murusagamba. Kuna waliokuja wakaoa huku, wakajenga, na makaburi yao yako huku. Kuna waliofika stendi, wakatazama milima, wakapanda gari lile lile kurudi. Kwa taifa ilikuwa sera njema, na mimi ni mmoja wa walionufaika nayo, maana hisabati nilifundishwa na mtu wa Mtwara. Kwa wilaya ya mpakani yenye barabara mbovu, ilimaanisha kwamba kiti cha mwalimu kilikuwa wazi kila mwaka.

Siku zile mpaka kati ya kanisa na serikali ulikuwa mwembamba huku kwetu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka huo huo wa 1969 Christopher Mwoleka akawa Askofu wa Rulenge, akaenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akilima na wanakijiji. Wapo waliomshangaa. Lakini mtu aliyekulia Rulenge wakati ule hakuona ajabu kwamba kanisa na chama vyote viwili vinahubiri jembe.

Ndani ya hali hiyo ndipo vilipozaliwa vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mwalimu Nyerere aliuona mfano wake Uswidi, ambako watu wazima wasio na vyeti huingia chuo cha bweni kusoma wanachokihitaji. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Waswidi, Tanzania ilifungua vyuo vya namna hiyo katika wilaya nyingi, na katika miaka michache vikapita 50. Biharamulo ilipata cha Rubondo. Vingi viliwekwa katika majengo yaliyokuwa tayari ya kuwafunzia wakulima, na hiyo ni mojawapo ya sababu viliwezekana haraka vile. Utaratibu wa mwanzo ulikuwa kwamba kijiji kinachagua mtu wake, kinampeleka, anasomea ushonaji, useremala, uashi, kilimo au utunzaji wa duka la ushirika, halafu anarudi. Cheti hakikuwa shabaha. Shabaha ilikuwa arudi.

Utaratibu huo haukudumu. Vijiji vilichoka kuchagua, vijana waliomaliza darasa la saba wakaanza kuja wenyewe, nao walitaka cheti cha kuombea kazi mjini. Mimi niliajiriwa nikaikuta hali hiyo ya pili.

Wakati huo huo serikali ilikuwa inafanya jambo jingine ambalo wanaosema serikali haijui kubana matumizi wangelitazama. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana wa darasa la saba, wakawekwa vijijini mwao wafundishe huku wakifundishwa, kwa masomo ya posta na ya redio na chini ya mratibu elimu, kisha wakapelekwa chuoni kwa muda mfupi. Walimu zaidi ya 45,000 walipatikana kwa njia hiyo nchini kote. Watu waliwaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na wengi waliwadharau. Lakini mwaka 1989 taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris ilichapisha utafiti wa Mählck na Temu uliowalinganisha na walimu waliosomea bweni, ukaonyesha kwamba kumwandaa mwalimu kwa njia ile kuligharimu fedha chache kuliko kumsomesha bwenini. Mimi naongeza nililoliona kwa macho: mwalimu wa UPE wa Kanazi alikuwa mtu wa Kanazi. Alikuwa na migomba yake pale. Hakuwa na stendi ya kukimbilia.

Niseme sasa jinsi leja ya chuo cha serikali inavyoonekana kwa karibu, kwa sababu wengi wanaoilaumu hawajawahi kuifungua.

Mishahara haipo humo. Mishahara inatoka Hazina, na mhasibu wa chuo haioni ila kwa karatasi. Kinachopita mikononi mwake ni ada ndogo ya wanafunzi na fedha za matumizi mengineyo, na hizi za pili ndizo zinazoua. Zilipangwa kuja kila mwezi. Zilikuja zilipokuja. Miezi miwili, mitatu, ukurasa wa mapokezi mweupe, ilhali ukurasa wa pili umejaa deni la mzabuni wa maharage na unga. Nilikuwa na mzabuni mmoja aliyekuwa akija ofisini kila Ijumaa, anakaa kwenye benchi, hasemi neno. Ananiangalia tu. Alikuwa ametulisha muhula mzima kwa mtaji wake. Ukimwambia mtu kwamba chuo cha serikali ni nafuu, kumbuka sehemu ya unafuu huo ilikuwa imebebwa na mfanyabiashara wa Lusahunga ambaye hakuombwa ridhaa.

Halafu leja ya stoo. Kila randa, kila patasi, kila jiwe la kunolea lina mstari wake na saini ya aliyelichukua asubuhi na kulirudisha jioni. Utaratibu mzuri, na ndio uliofanya zana za Waswidi zidumu miaka mingi kupita zilivyotazamiwa. Lakini randa ikivunjika huwezi kuitupa mpaka kibali cha kufuta mali chakavu kipatikane, na huwezi kununua nyingine mpaka fungu lipatikane. Tulikuwa na magunia ya vyuma vilivyokufa vikiwa hai kwenye vitabu. Mwaka mmoja mwalimu wa useremala alikuwa na randa nzima mbili kwa darasa zima, huku leja yangu, kwa ukweli mtupu wa kihasibu, ikionyesha zaidi ya dazeni.

Kilichobadilisha mawazo ya watu huku kwetu juu ya vyeti hakikutoka Dar es Salaam. Kilipita daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka kuingia Ngara. Benaco, mahali ambapo jina lake lilitokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, pakawa mji wa mahema ulioipita miji karibu yote ya Tanzania kwa watu. Mashirika yakaja na magari meupe, na mashirika yalitaka watu: dereva, mtunza stoo, mpiga chapa, muuguzi, mkalimani wa Kinyarwanda na Kiingereza. Yalilipa mishahara iliyoizidi ya serikali mara kadhaa. Wauguzi waliacha zahanati, walimu waliacha madarasa. Kijana aliyejua kompyuta kidogo alirudi nyumbani na mshahara ambao baba yake, bwana shamba, hakuwahi kuushika. Mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanza kurusha matangazo kutoka Ngara kwa ajili ya wakimbizi, na jioni wenyeji nao wakaanza kusikia nafasi za kazi zikitajwa redioni.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Wakimbizi wa Kirundi wa kambi ya Lukole walibaki kwa miaka zaidi ya kumi baadaye. Mashirika yalipopungua yaliacha barabara, visima na majengo, na yaliacha vijana waliokwisha kujua kwamba karatasi yenye mhuri inaweza kumpa mtu mshahara kesho asubuhi. Vyuo vya kwanza vya kulipia nilivyoviona mimi vilianza hapo: kozi za kompyuta, Kiingereza, udereva, ukatibu muhtasi, katika vyumba viwili vitatu vya kupanga. Sheria nazo zilikuwa zimefunguka. VETA iliundwa kwa sheria ya 1994, sera ya elimu ya 1995 ikakaribisha sekta binafsi, baraza la elimu ya ufundi la NACTE likaundwa kwa sheria ya 1997.

Kisha fedha kubwa ikaja. Mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulianza 2002, shule za msingi zikajaa. MMES, wa sekondari, ukafuata 2004, na kila kata ikaambiwa ijenge sekondari. Walimu wakatafutwa kama maji wakati wa kiangazi. Waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingia darasani, na wananchi wakawaita voda fasta. Mwaka 2007 ukaja mpango wa kila kijiji zahanati, na waganga na wauguzi nao wakawa dhahabu. Nchi nzima wafanyabiashara walifungua vyuo vya ualimu na vya afya. Hesabu yao ilikuwa rahisi: serikali inaajiri kila mhitimu, kwa hiyo mzazi atauza ng'ombe.

Nilijiunga na kimojawapo katika miaka hiyo. Nataka nikitendee haki, kwa sababu yapo mambo kilichoyafanya ambayo chuo changu cha zamani hakikuyaweza. Kitu kikivunjika asubuhi, jioni kipo kipya. Kozi iliyokosa wanafunzi ilifutwa muhula uliofuata, wala haikufundishwa miaka kumi kwa sababu mwalimu wake yupo kwenye ikama. Madarasa ya jioni yalikuwapo kwa ajili ya mama mwenye genge na dereva wa lori. Na ada ilipokelewa kwa namna ambayo mkaguzi wa serikali angeniweka ndani: mzazi wa Mugoma alileta maharage, tukayapima kwenye mizani mlangoni, nikayaingiza kwa bei ya soko ya siku ile, nikamwandikia stakabadhi. Msimu wa kahawa ulikuwa ndio msimu wetu wa ada. Chuo cha serikali kilimfukuza mtoto wa mtu huyo huyo mwezi Februari kwa kukosa ada, kwa sababu kalenda ya serikali haiijui kahawa.

Sasa ukurasa wa pili. Upande wa matumizi, mistari iliyokuwa inakua kila mwaka ilikuwa kodi ya jengo, matangazo, na fedha anazochukua mwenye chuo. Mstari wa walimu ulikuwa unapungua. Walikuwa wa muda, wanalipwa kwa kipindi, wengine ni watumishi wa serikali waliokuja baada ya saa za kazi. Hakukuwa na mstari wa zana ulioweza kuitwa mstari. Wala hakukuwa na akiba. Kila shilingi ya ada ya muhula huu ilikuwa inalipa deni la muhula uliopita, na chuo kiliweza kuishi hivyo kwa sharti moja tu, kwamba wanaoingia wawe wengi kuliko wanaotoka.

Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili ihakiki watumishi. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ajira za walimu zilizokuwa za moja kwa moja zikawa za kusubiri, na waliosubiri wakawa wengi mpaka wazazi wakaacha kuuza ng'ombe. Waombaji katika chuo chetu walipungua muhula wa kwanza, wa pili wakawa wachache kuliko walimu. Wa tatu mwenye chuo hakuja. Mwenye jengo alikuja.

Wanafunzi wa mwaka wa pili walibaki na mwaka mmoja wa ada na hawana cheti. Wengine walipokelewa katika chuo cha dayosisi baada ya kubembelezwa sana, nao wakaambiwa waanze upya baadhi ya masomo. Wengine walirudi nyumbani. Binti mmoja aliniuliza kama stakabadhi zangu zinaweza kumsaidia popote. Zilikuwa halali, zenye mhuri na saini yangu, na hazikuweza kumsaidia popote.

Chuo cha serikali nilichokiacha kiliathirika na tufani hiyo hiyo. Nacho kilipungukiwa wanafunzi. Lakini hakikufungwa, kwa sababu mishahara yake haikutoka kwenye ada, na aliyekuwa mwaka wa pili alimaliza mwaka wa pili. Ule uzito wa serikali, unaomchelewesha mwalimu kupata randa, ndio uliomwezesha mwanafunzi kumaliza.

Wamarekani wamepita njia hii kabla yetu, kwa fedha nyingi zaidi. Baada ya Vita vya Pili serikali yao ilianza kuwalipia ada askari waliorudi, kwa sheria ya 1944, na shule za kibiashara zikachipuka kuifuata ada hiyo. Baadaye mikopo ya wanafunzi ikazilisha zaidi. Corinthian Colleges ilianguka 2015, ITT Technical Institute 2016, zikaacha maelfu ya wanafunzi nusu njia. Wachumi watatu wa Harvard, Deming, Goldin na Katz, walizichunguza shule hizo mwaka 2012, na walichokiona hakikuwa cha upande mmoja. Katika kozi fupi za cheti, shule za faida zilimalizisha wanafunzi vizuri kuliko vyuo vya umma. Lakini waliosomea humo walikuwa na madeni makubwa zaidi na walikosa kazi zaidi. Nilipousoma muhtasari wa utafiti huo niliviona vyuo vyetu mle ndani, kozi ya udereva upande mmoja na ya ualimu upande wa pili.

Basi niifanye hesabu niliyoahidi, na namba hizi ni za mfano tu. Chuo cha kwanza kinatumia shilingi milioni 2 kwa kila mwanafunzi, ukijumlisha na mishahara ya Hazina isiyoonekana kwenye leja. Wanaingia 100, na miaka mitano baadaye 60 wanafanya kazi waliyoisomea. Chuo cha pili kinatumia milioni 1 na laki 2, wanaingia 100, na 20 ndio wanaofanya kazi hiyo. Kwa anayehesabu walioandikishwa, cha pili kimeshinda kwa mbali. Kwa anayehesabu wafanyakazi, cha kwanza kimemtoa mmoja kwa milioni 3 na laki 3 hivi, cha pili kwa milioni 6. Na kwa wilaya kama Ngara kuna hesabu ya tatu, ya waliobaki huku. Katika hiyo baba yangu mdogo wa Katoke na mwalimu wa UPE wa Kanazi wanawashinda karibu wote tuliowatoa baadaye, kwa ada ya serikali au ya binafsi.

Ndiyo maana naviheshimu vyuo vya uuguzi vya Murgwanza na Rulenge, ingawa vinatoza ada. Kimoja ni cha Waanglikana, kingine cha Wakatoliki, na vyote viwili viko ubavuni mwa hospitali. Mwanafunzi anajifunzia wodini, na hospitali inamwona mhitimu wake kabla hajahitimu. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Nayo serikali imo: Murgwanza ilifanywa hospitali teule ya wilaya, na mwaka 1992 makanisa na serikali walitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika huduma za jamii. Huo ni ule mpango wa Cameron umerudi na nguo nyingine, ruzuku kwa sharti la kazi inayoonekana.

Na vyuo vya wananchi navyo vimefanya jambo ambalo leja yoyote ingelionyesha kama hasara. Serikali ya awamu ya tano ilivihamishia Wizara ya Elimu na kuanza kuvikarabati. Katika miaka ile ile ambayo wasichana waliopata mimba walikuwa wamefungiwa mlango wa shule za serikali, mpaka zuio lilipoondolewa Novemba 2021, vyuo hivi viliwapokea chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho, pamoja na watoto wao. Mama anashona, mtoto yuko chumba cha pili na mlezi. Chumba hicho hakiingizi ada. Mfanyabiashara angekigeuza darasa la kompyuta kabla ya muhula kwisha, na kwa hesabu zake angekuwa sahihi.

Tangu Januari 2021, serikali ilipotia saini mkataba wa Tembo Nickel na kuchukua hisa za asilimia 16, vijana wa Rulenge na Kabanga wanauliza kozi gani itawaingiza mgodini. Chuo kikubwa cha VETA cha mkoa kiko Burugo, Bukoba, kimejengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa 2022. Kutoka Bugarama ya huku kwetu kwenda huko ni safari ya siku nzima. Pengo hilo mtu atalijaza, na wa kwanza kufika atakuwa mwenye vyumba vitatu vya kupanga na bango la katapila.

Wazazi wanaoniletea fomu za kujiunga nawapa maswali matatu ya kwenda nayo. Jengo ni la nani? Mtambo wa kufundishia uko wapi, twende tukauone ukiwaka? Na tupeni namba za simu za watu watano waliomaliza hapa miaka mitatu iliyopita. Mzee mmoja wa Kirushya aliyauliza yote mwaka jana, katika chuo alichokuwa amekwisha kukilipa muhula wa kwanza. Jengo lilikuwa la kupanga, mtambo ulikuwa njiani, na namba za simu zilikuwa siri ya ofisi. Akadai fedha yake. Walimrudishia nusu, nayo akaenda kumlipia kijana nauli na ada ya bweni Burugo.